Nguo za kuficha harufu porini: zipime kabla ya kutuma dola

Picha zinafika kwa WhatsApp kutoka kwa ndugu walioko Marekani: suti ya rangi za majani makavu, kofia inayofunika uso, na maneno kwamba mnyama hatakunusa hata akipita mbele yako. Bei nayo imeandikwa. Koti na suruali pamoja vinaweza kupita dola 200, bado usafiri, bado ushuru wa forodha. Kisha linakuja swali: "Mzee, nitume pesa aninunulie?"

Jibu langu kwa mwindaji wa Lubumbashi ni kwamba usitume bado. Suti hiyo ina kazi inayofanya, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na sehemu kubwa ya kuficha harufu haigharimu hata faranga. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukimaliza na bado unaitaka, nunua kwa moyo mweupe.

Kwanza makaratasi

Uwindaji Kongo unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Permi ya kuwinda ni karatasi moja, permi ya silaha ni nyingine, uwe nazo zote mbili. Tarehe za msimu ziulize ofisi ya mazingira ya mkoa kabla hujalipa usafiri, maana "nilisikia wamefungua" haitakutetea mbele ya mlinzi. Upemba, tangu 1939, na Kundelungu, tangu 1970, ni hifadhi za taifa chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira asilia. Humo hakuna kuwinda, hata ukiwa na suti ya dola elfu.

Anayeenda na kamera badala ya bunduki asome yanayofuata vilevile. Pua ya mnyama haijali umebeba nini.

Hatua ya 1: jua nguo hizo zinafanya nini

Zilitengenezwa kwa ajili ya kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe. Kule wengi hukaa juu ya jukwaa lililofungwa mtini na kumsubiri, na mwenye upinde anataka mnyama asogee hadi mita 20 au 30. Kwa umbali huo pua ndiyo inayoharibu siku, na ndiyo maana soko la kuficha harufu likakua huko kuliko kwingine. Kwetu huyo kulungu hayupo. Katika Afrika yote jamii yake ya asili iko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Tulio nao ni swala: pongo wa vichaka vya kando ya mito, kabuluku, tohe wa kwenye nyasi za dembo (bonde pana lenye majimaji), na kuro ukibahatika. Lakini hesabu ya umbali inafanana. Mwenye kalibre 12, bunduki ya marisau, naye lazima awe karibu, la sivyo anajeruhi mnyama na kumpoteza.

Nguo zenyewe ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina tabaka la makala, yaani mkaa, ndani ya kitambaa. Ni makala kweli, ya ukoo mmoja na yale yanayoingia mjini kila alfajiri juu ya baiskeli, ila haya yamepitishwa kwenye moto mkali na mvuke hadi yakajaa vitundu visivyoonekana kwa jicho. Kuta za vitundu hivyo zikikunjuliwa, gramu moja inaweza kutandaza zaidi ya mita za mraba 500, na harufu hunasa humo. Aina ya pili hutumia chembe za madini ya fedha au dawa nyingine ya kuua bakteria. Jasho likitoka sasa hivi halinuki sana. Linalonuka ni lile ambalo bakteria wa ngozi wameshalichachua.

Hadi hapo hakuna uongo. Uongo unaingia pale muuzaji anapokuambia harufu imekwisha yote. Makala yakijaa, yamejaa. Viwandani huyafungua upya kwa joto la nyuzi kama 700 hadi 900, na mashine ya nyumbani ya kukaushia nguo haifiki hata 100. Ubishi huo ulifika mahakamani Minnesota, Marekani, ambako wawindaji walilalamikia matangazo. Mwaka 2010 jaji aliona kwamba kudai nguo "inaondoa harufu" ni uongo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo usitegemee jaji akuamulie. Makala hayo yanapunguza harufu fulani, kwa muda fulani, na baada ya hapo unavaa kitambaa cha kawaida cha bei kubwa.

Kuna pia jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002. Watu walifichwa, wengine wamevaa nguo za makala na wengine nguo za kila siku, kisha wakaachiliwa mbwa waliofunzwa kutafuta watu. Mbwa waliwapata karibu wote, na nguo hazikuleta tofauti ya maana. Mbwa si pongo, sawa, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba pongo ana pua ya kubahatisha.

Na hata kitambaa kikiwa kizuri namna gani, suti ina milango. Kila unapoinama au kupiga hatua, hewa ya ndani inasukumwa nje kwa shingo na mikono kama mivuo ya mhunzi. Uso uko wazi, pumzi inatoka, nywele zina mafuta. Mtangazaji hazungumzii shingo.

Hatua ya 2: ipime hapa mjini

Kama kuna rafiki anayo, iazime kabla ya kununua. Kipimo cha kwanza ni rahisi. Chukua soksi zilizovaliwa kutwa nzima kazini, uziweke kwenye makopo mawili yanayofanana. Kopo moja lifunike kwa mkono wa koti la suti, la pili kwa mkono wa shati nene la pamba. Yaache juani nusu saa, halafu mwite jirani anuse bila kumwambia kipi ni kipi. Mara nyingi atasema la suti lina harufu ndogo, na hapo muuzaji atafurahi.

Kipimo cha pili hakifurahishi sana. Tafuta mtu mwenye mbwa anayempenda, mwende uwanja wenye nyasi nje ya mji. Mwenye mbwa ajifiche upande upepo unakotoka, mbali kiasi, amevaa nguo zake. Wewe mshike mbwa upande wa chini ya upepo, kisha muanze kutembea kukatiza upepo, polepole. Angalia kichwa cha mbwa. Kuna mahali pua inainuka ghafla, masikio yanakuja mbele, kamba inakazwa. Weka kijiti hapo. Siku nyingine, mahali pengine, rudieni mwenye mbwa akiwa ndani ya suti. Siku iwe nyingine kweli, maana mbwa hujifunza mchezo haraka kuliko sisi. Linganisha umbali wa kila kijiti hadi alipojificha mwenye mbwa. Ukiona suti imempunguzia mbwa umbali kwa kiasi kinachostahili dola 200, mimi sina neno. Ninachotarajia ni kwamba upepo wa siku ile na wa siku hii utaleta tofauti kubwa kuliko kitambaa.

Hatua ya 3: upepo, ambao ndio kazi yenyewe

Tengeneza kipimo cha upepo. Chota majivu ya mbabula, jiko la makala, yale meupe laini ya juu, uyachekeche kwa kitambaa chembamba, uyatie kwenye soksi kuukuu ya pamba na kufunga fundo. Ukiigonga kwa kidole, wingu dogo linatoka na kuelea. Poda ya mtoto inaelea vizuri pia, lakini ina marashi, na utakuwa umebeba harufu mpya ili kupima ya zamani. Moshi wa sigara usiufikirie.

Soksi hiyo igongwe mara nyingi: unaposhuka garini, unapoacha njia, kila ardhi inapobadilika. Na usiangalie tu majivu yanapoanzia. Yafuate kwa macho hadi yapotee. Majivu yanayoondoka mkononi kuelekea kushoto yanaweza kufika kwenye kichaka, yakasita, yakageuka na kurudi nyuma yako. Mnyama yuko kule yanakoishia.

Kiangazi chetu, kuanzia Mei hivi hadi Oktoba, upepo mkuu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo katika miezi hiyo mpango wa kuanzia ni kumkaribia mnyama ukitokea magharibi au kaskazini-magharibi, upepo ukikupiga usoni. Huo ni mpango wa kuanzia tu. Ndani yake kuna saa za siku, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mnyama bila kujua kwa nini.

Alfajiri ya Juni au Julai, kabla ya jua, upepo mkuu mara nyingi umelala. Hewa baridi ni nzito, inateremka polepole kutoka kwenye miombo kwenda demboni, na harufu yako inateremka nayo, chini chini, sambamba na pua ya tohe. Aliyekaa ukingoni juu ya dembo saa hiyo, akijiona yuko mahali pazuri kwa sababu anaona mbali, amewapelekea wanyama wote taarifa. Saa hiyo kaa chini, pembeni mwa dembo, au subiri. Jua likishapasha ardhi, hewa inaanza kupanda, na sasa kukaa bondeni kunakuwa kubaya, kukaa juu kwenye ule ukingo kunakuwa kuzuri. Katikati ya mabadiliko hayo kuna kipindi ambacho hewa haijui iende wapi. Gonga soksi, uone majivu yanazunguka mahali pamoja. Wakati huo usitembee kabisa. Kaa, kula kitu kisichonuka, ngoja upepo wa mchana uamke. Adhuhuri upepo una nguvu lakini unapigapiga, na wanyama wengi wamelala kivulini. Jioni jua likizama, hewa inaanza kushuka tena.

Sasa vichuguu. Vile vikubwa vya kwetu, vyenye miti juu, vinamvutia kila mwindaji kwa sababu vinampa urefu bila jukwaa. Urefu unasaidia kweli: harufu inapita juu ya pua za walio karibu kabla ya kushuka. Lakini nyuma ya kichuguu, upande usiopigwa na upepo, hewa inajikunja. Jaribu mwenyewe. Simama juu ugonge soksi, majivu yataondoka yamenyooka. Shuka upande wa kivuli wa upepo ugonge tena, utaona yanapanda ukuta wa udongo, yanageuka na kukurudia usoni. Ukikaa hapo, mnyama anayetoka upande wowote anaweza kukupata. Kaa juu, au kaa ubavuni.

Masika ni habari nyingine. Nyasi ni ndefu, mawingu ya mvua yanageuza upepo ndani ya dakika chache, na hewa yenye unyevu hubeba harufu vizuri. Wakati huo hakuna suti wala soksi itakayokusaidia sana. Uliza msimu kama uko wazi, na kama hauko wazi umepata mapumziko.

Hatua ya 4: nguo ulizo nazo

Hapa pesa kidogo inaleta mabadiliko makubwa. Tenga shati moja, suruali moja, kofia moja na soksi pea mbili, zisivaliwe kwa shughuli nyingine yoyote. Mitumba ya pamba nzito yanafaa sana, ila yafue zaidi ya mara moja kabla ya kuyaamini, maana yanakuja na harufu ya dawa ya maboksini. Fua kwa sabuni ya kipande isiyo na marashi, suuza hadi maji yawe meupe. Sabuni za unga zinazonukia maua ziachie mashuka. Bikaboneti ya kupikia, vijiko viwili vitatu kwenye beseni, inasaidia kupunguza harufu ya jasho.

Kausha mbali na mbabula. Lubumbashi hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kamba ya nguo na mbabula ya jirani hupenda kukaa ua mmoja, na mama akianza kukaanga samaki kazi yako imekwisha. Kausha mchana jua likiwa kali, uanue kabla ya moto wa jioni. Kisha nguo ziingie kwenye mfuko wa plastiki mzito unaofungwa, pamoja na majani makavu kutoka pori lile lile unakokwenda. Zikae humo hadi siku ya safari.

Wapo wazee wanaofanya kinyume: wanazifukiza nguo kwa moshi wa kuni makusudi. Siwacheki. Mwezi wa Agosti pori zima linanuka moshi kwa sababu ya mioto ya nyasi, na mnyama haondoki mbio kila anaponusa moshi. Lakini moshi haufuti harufu ya mtu, unakaa juu yake tu, na pua ya pongo inatofautisha. Kama unafukiza, fukiza kwa moto wa nje, sio kwa jiko lenye mafuta ya kupikia.

Viatu: bote za mpira zilizooshwa hushinda ngozi, kwa sababu ngozi hunywa jasho na petroli na kuvitoa taratibu kwenye njia yako. Zivae ukifika, usiendeshe nazo pikipiki. Na jihadhari na gari lenyewe. Mwenye mfuko wake nyuma ya lori lililobeba samaki wakavu kutoka Kasenga anajua ninachosema, na mikono iliyoshika bidoni ya mafuta ioshwe kwa majivu na maji kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 5: mwili

Hapa sitakaa sana. Oga asubuhi kwa sabuni hiyo hiyo isiyonukia. Hakuna manukato, hakuna mafuta ya nywele, hakuna sigara siku hiyo, na pombe ya jana usiku inatoka kwa pumzi na ngozi hadi leo mchana. Dawa ya mbu yenye harufu kali ibaki nyumbani. Vaa mikono mirefu. Kubwa kuliko yote, usifike umelowa jasho. Toka mapema, tembea polepole, koti libebwe mkononi na livaliwe ukifika. Anayekimbia kuwahi mahali pake hufika na harufu yote aliyohangaika kuiondoa.

Hatua ya 6: kama suti unayo tayari

Itumie, usiitupe. Isivaliwe garini wala kambini karibu na moto. Ikae kwenye mfuko wake uliofungwa, uivae mita mia chache kabla ya kukaa, na uivue ukimaliza. Ndani vaa pamba safi ili jasho lisifike moja kwa moja kwenye makala. Funga shingo na mikono. Ifue mara chache, kwa maji yasiyo ya moto sana, bila sabuni ya marashi, na ianikwe juani. Mwaka wa pili au wa tatu, rudia kipimo cha makopo na soksi. Jirani akishindwa kutofautisha, sasa una koti la rangi ya majani, na koti la rangi ya majani lina kazi yake.

Faida yake ninayoikubali ni hii: siku upepo ukigeuka kidogo, kwa dakika moja, mnyama akiwa pembeni, harufu iliyopunguzwa inaweza kumfanya asite badala ya kukimbia. Upepo ukienda kwake moja kwa moja, suti haikuokoi.

Hatua ya 7: ujue ni nini kilichokukamata

Bila hatua hii utalaumu harufu kwa makosa ya macho na masikio. Mnyama aliyekuona anakukazia macho, kichwa kinapanda na kushuka, anataka kuhakikisha. Aliyesikia anageuza masikio kwanza. Aliyenusa mara nyingi hahitaji kuhakikisha: pua inainuka, shingo inanyooka, na ameondoka, au anazunguka kwenda chini ya upepo kuchukua mnuso wa pili. Pongo akishtuka hubweka, na mgeni anaweza kudhani ni mbwa. Tohe hupiga mluzi. Kule Marekani kulungu wao hupiga mguu chini, hupuliza pua na kuinua mkia mweupe.

Kila mara ikitokea, gonga soksi papo hapo na uandike kwenye daftari: saa, mahali, majivu yalikwenda wapi, mnyama alikuwa wapi. Ukurasa mmoja wa maandishi hayo kuhusu dembo moja unaloenda kila mwaka utakufaa kuliko koti lolote. Na pongo akishabweka, usimfuate. Wengine waliokuwa karibu wameshasikia. Toka kwa njia uliyoingilia, uwaache siku kadhaa, na ukirudi ingia kwa upande mwingine wa dembo kama upepo unaruhusu.